David Livingstone na Mkono Wake wa Kushoto

1. Taabu ndogo za kila siku

Watoto wapendwa, ninyi mnaokaa Uvira na vijiji vya kando ya ziwa mmeuona ufuko wa Kalundu asubuhi na mapema. Mitumbwi imerudi kutoka kuvua ndagala. Vijana wanaingia majini mpaka magotini, wanaivuta mitumbwi mchangani. Akina mama wanangoja na vikapu vyao. Kila mtu ana haraka, kwa maana jua likipanda juu ya milima, samaki wataharibika.

Sasa mfikirieni mtu mwenye mkono mmoja mbovu katikati ya watu wale. Hawezi kuvuta kamba kama wenzake. Hawezi kuinua kikapu na kukitia kichwani asiposaidiwa. Hata kufunga vifungo vya shati lake ni kazi ndefu. Hakuna jambo moja kubwa linalomshinda. Ni mambo madogo, lakini ni mengi, nayo hurudi kila siku. Jana ndoo ilimshinda, leo itamshinda, na kesho vilevile. Moyo wa mtu huchoka upesi kwa taabu za namna hiyo, kuliko kwa taabu moja kubwa inayokuja na kupita.

Tena, watu nao humwongezea taabu. Wengine humcheka. Wengine humhurumia kupita kiasi, wakamnyang'anya hata kazi anayoiweza. Mambo hayo mawili yote humuumiza.

Katika somo hili tutasoma habari za mtu mmoja maarufu aliyefariki zamani. Mtu huyo aliishi miaka ishirini na tisa na mkono mbovu. Alitembea katika nchi nyingi za Afrika, akafika hata hapa kwetu, kaskazini ya Ziwa Tanganyika, mwaka wa 1871. Jina lake ni David Livingstone. Wengi wamesikia habari za safari zake, lakini wachache wamesikia habari za mkono wake.

2. Mtoto wa kiwandani

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, katika nchi ya Uskoti. Wazazi wake walikuwa maskini. Jamaa nzima ilikaa katika chumba kimoja tu.

Alipokuwa na miaka kumi, alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha kusokota pamba. Kazi yake ilikuwa kuzitazama nyuzi kwenye mashine, na uzi ukikatika, kuuunga mara moja. Ni kazi inayotaka mikono miwili myepesi. Alianza saa kumi na mbili asubuhi, akamaliza saa mbili usiku. Baada ya hapo alikwenda shule ya usiku. Kwa mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha kujifunzia Kilatini. Mchana alikiweka kitabu juu ya mashine, na kila alipopita mbele yake, alisoma mstari mmoja, kisha mwingine.

Hivyo alijifunza mapema jambo moja lililomfaa maisha yake yote: mtu asiyepata nafasi ya kutosha na atumie ile ndogo aliyo nayo.

Alipokuwa kijana alisoma udaktari katika mji wa Glasgow. Mwaka wa 1840 akawa daktari, na tena mhubiri wa kanisa la Kiprotestanti. Mwaka wa 1841 akafika Afrika ya Kusini.

3. Simba wa Mabotsa

Mwaka wa 1844 Livingstone alikuwa akikaa katika kijiji cha Mabotsa. Simba waliwasumbua sana watu wa kijiji hicho. Usiku waliwaua ng'ombe zizini, na hata mchana waliwashika kondoo. Siku moja, mwezi wa Februari, wanaume walitoka na mikuki, wakauzunguka mlima mdogo ambao simba walijificha. Livingstone naye alikwenda na bunduki yake.

Alimwona simba mmoja nyuma ya kichaka, akampiga risasi mbili. Simba alijeruhiwa, lakini hakufa. Livingstone alipokuwa akiijaza bunduki tena, simba alimrukia, akamshika begani, wakaanguka chini wote wawili. Simba akamtikisa kama mbwa anavyomtikisa panya.

Alikuwapo hapo mwalimu mmoja Mwafrika, jina lake Mebalwe. Mebalwe hakukimbia. Aliinua bunduki yake apige, lakini baruti haikuwaka. Simba alipomwona, akamwacha Livingstone, akamrukia Mebalwe na kumuuma paja. Mtu mwingine, ambaye Livingstone aliwahi kumwokoa na nyati, akaja na mkuki. Simba akamuuma naye begani. Ndipo zile risasi mbili zikafanya kazi yake, na simba akaanguka akafa.

Livingstone alipona, lakini mfupa wa mkono wake wa kushoto, kati ya bega na kiwiko, ulikuwa umevunjika vipande vipande. Katika nyama ya mkono palikuwa na alama kumi na moja za meno. Daktari mwingine hakuwapo karibu. Basi ilimpasa mgonjwa mwenyewe kuwaelekeza watu jinsi ya kuunganisha mfupa wake.

Vidonda vilikaa muda mrefu kabla ya kupona. Nao mfupa haukuungana vizuri. Mahali pale ulipovunjika palibaki pakicheza, kama kwamba mkono una kiwiko cha pili. Tangu siku ile hakuweza kuuinua mkono wa kushoto juu ya bega lake. Alikuwa na umri wa miaka thelathini tu.

4. Jiwe lililoanguka

Mtu aliyepata kilema hakizoei kwa siku moja. Kichwa kinajua kwamba mkono ni mbovu, lakini mkono wenyewe husahau. Ndivyo ilivyompata Livingstone mwaka uleule.

Alikuwa akijenga nyumba, kwa sababu alitaka kumwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari mmoja wa nchi ile. Nyumba ilikuwa ya mawe. Siku moja jiwe likateleza kutoka ukutani. Livingstone, bila kufikiri, alinyosha mkono wa kushoto akalidaka, kama mtu yeyote angalivyofanya. Kidogo mkono uvunjike mara ya pili. Ukavimba, na homa ikamshika hata akataka kuota moto, ingawa hali ya hewa ilikuwa ya joto. Rafiki yake mmoja akaufunga vizuri mkono ule, naye akapumzika siku kadha mpaka uvimbe ukapungua.

Watoto, tazameni jambo hili. Alikuwa daktari, tena mtu mwenye nguvu na ujasiri, lakini jiwe dogo lilimrudisha kitandani. Mtu mwenye kilema huyajua sana mambo ya namna hiyo. Hushinda taabu kubwa, kisha akaangushwa na kitu kidogo, mbele ya watu, na hasira humjaa moyoni. Hasira hiyo si ajabu, wala si dhambi. Neno kubwa ni lile atakalolifanya baadaye.

Livingstone alipopumzika, alirudi kazini. Nyumba ikaisha, naye akamwoa Mary mwezi wa Januari 1845.

Kisha ilimpasa kujifunza upya mambo aliyokuwa akiyajua. Mtu apigaye bunduki huweka kitako chake kwenye bega la kulia, na mkono wa kushoto huutegemeza mtutu. Mkono wa kushoto wa Livingstone haukuweza tena kazi ile. Basi akageuza kila kitu. Akaweka kitako kwenye bega la kushoto, akautegemeza mtutu kwa mkono wa kulia, akalenga kwa jicho la kushoto. Mara ya kwanza mtu afanyapo hivyo, hukosa, na wenzake hucheka. Lakini mkono usiokubali njia ya zamani lazima utafutiwe njia mpya. Katika siku zile, asiyejua kupiga bunduki safarini aliweza kulala njaa, yeye na watu wake.

5. Kutoka bahari hata bahari

Baada ya hayo Livingstone alianza safari zake ndefu. Kati ya mwaka wa 1853 na 1856 alivuka Afrika. Alitoka katikati ya nchi kwenda Luanda, kwenye bahari ya magharibi. Kisha akarudi, akaendelea mpaka Quelimane, kwenye bahari ya mashariki. Alisafiri pamoja na wanaume wa kabila la Wakololo na majirani zao. Bila wao asingalifika popote. Wao walibeba mizigo, walitafuta njia, walijua kusema na wenyeji.

Mara nyingi homa ilimwondolea nguvu za kutembea. Hapo alipanda ng'ombe dume, jina lake Sinbad, mnyama mwenye tabia mbaya sana. Siku moja hatamu ikakatika, naye Livingstone akaanguka akapiga kichwa chini. Akainuka, akapanda tena.

Tusimsifu kupita kweli. Livingstone alikuwa na makosa yake. Alikuwa mwepesi wa kukasirika na wenzake, hasa Wazungu aliosafiri nao katika mto Zambezi toka mwaka wa 1858 mpaka 1864. Kwa kuwa yeye alijilazimisha kuvumilia maumivu, aliwadhani wengine kuwa wavivu walipolalamika. Hilo ni kosa ambalo mtu mwenye kuteseka aweza kuliangukia. Aliyevumilia mengi na akumbuke kwamba si kila mtu ana kipimo chake. Tena aliiacha jamaa yake peke yao miaka mingi. Mary alikuja kumfuata Zambezi, akafa huko kwa homa tarehe 27 Aprili 1862. Livingstone alimlilia sana.

6. Siku themanini ndani ya kibanda

Mwaka wa 1866 alianza safari yake ya mwisho. Alitaka kujua chemchemi za mto Nile, na tena alitaka kuuonyesha ulimwengu ubaya wa biashara ya watumwa. Alifuatana na vijana wawili ambao majina yao yanastahili kukumbukwa, Susi na Chuma. Susi alitoka Shupanga, kando ya Zambezi. Chuma alipokuwa mtoto alikamatwa na wauza watumwa, naye akafunguliwa mwaka wa 1861 na Livingstone na wenzake.

Katika safari ile taabu za mwili zilizidi. Mwezi wa Januari 1867 sanduku la dawa liliibiwa. Kwa daktari, hiyo ilikuwa kama kuibiwa mikono. Meno yake yakalegea na kung'oka kwa kutafuna mahindi magumu, hata kula kukawa kazi. Mwaka wa 1869 alifika Ujiji, ng'ambo ya ziwa letu, akiwa amebebwa kwa machela, yaani kitanda cha kubebea wagonjwa, kwa sababu ya ugonjwa wa mapafu.

Alipopata nguvu kidogo alivuka ziwa, akaingia Maniema. Huko, mwaka wa 1870, madonda yalimshika miguuni. Yalikuwa yakila nyama. Kila alipoweka mguu chini, damu na usaha vilitoka. Usiku hakulala kwa maumivu. Watu wake wengi walikuwa wamemwacha. Waliobaki ni Susi, Chuma na Gardner.

Alirudi katika kijiji cha Bambare, upande wa Kabambare, akaingia kibandani tarehe 22 Julai. Hakutoka mpaka tarehe 10 Oktoba. Hizo ni siku themanini. Watoto, hesabuni siku themanini. Fikirini mtu aliyezoea kutembea kutoka bahari hata bahari, sasa hawezi kufika mlangoni.

Alifanya nini? Kwanza, alitafuta dawa katika vitu vilivyokuwapo. Alijaribu hiki na kile. Mwishoni akatumia jiwe la kijani lenye shaba ndani yake. Alilisaga pamoja na maji juu ya jiwe lingine, akaipaka dawa ile kwa unyoya wa ndege. Hiyo ndiyo iliyomsaidia kidogo. Pili, alisoma. Wakati alipokuwa Maniema aliisoma Biblia yote mara nne. Tatu, aliandika. Karatasi zake zilipokwisha, alichukua magazeti ya zamani, akaandika juu yake kwa kukatisha maneno yaliyopigwa chapa. Wino ulipokwisha, alitengeneza mwingine kwa maji ya mmea.

Yule mtoto wa kiwandani aliyesoma mstari mmojammoja alikuwa bado yuko ndani ya yule mzee mgonjwa.

7. Livingstone afika Uvira

Mwezi wa Machi 1871 alifika Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Tarehe 15 Julai aliona kwa macho yake jambo la kutisha. Watu wa wafanya biashara ya watumwa waliingia sokoni na bunduki, wakawapiga wanawake waliokuwa wakiuza vyakula. Mamia ya watu wakafa. Wengi walizama mtoni walipokuwa wakikimbia. Livingstone aliandika yote aliyoyaona. Kisha akarudi Ujiji, safari ya miezi mitatu, akiwa mgonjwa na amekonda. Alipofika mwezi wa Oktoba aliambiwa kwamba mtu aliyewekewa mali yake alikuwa ameiuza yote.

Siku chache baadaye alifika Henry Stanley, mtu wa magazeti aliyetumwa na gazeti la Marekani kumtafuta. Alimletea chakula, nguo, na barua. Halima, mpishi wa Livingstone, alifurahi, kwa maana aliona bwana wake anaanza kula tena. Muda si mrefu mzee akapata nguvu.

Je, alikaa kupumzika? Hapana. Tarehe 16 Novemba 1871 yeye na Stanley waliingia katika mtumbwi, wakaenda kaskazini wakifuata pwani ya Burundi. Walitaka kujua kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Wazungu walikuwa wakibishana juu ya jambo hilo. Mwaka wa 1858 Burton na Speke walifika Uvira, wote wawili wakiwa wamedhoofika kwa magonjwa. Wana wa mtawala wa Uvira, aliyeitwa Maruta, waliwaambia wazi kwamba mto huo unaingia ziwani. Lakini Wazungu wale hawakufika mahali penyewe.

Njiani Stanley alishikwa na homa kali. Sasa angalieni. Yule mzee mwenye mkono mbovu, aliyetoka kuuguzwa juzi, ndiye aliyemwuguza kijana mwenye nguvu. Katika maisha ndivyo ilivyo. Leo wewe wasaidiwa, kesho wasaidia. Mtu mwenye kilema si wa kupokea tu, anacho cha kutoa.

Walifika kwenye mdomo wa Rusizi, wakapita katikati ya matete, wakayaona maji yakija kuelekea ziwani. Watu wa Uvira walikuwa wamesema kweli. Livingstone alikuwa amedhani kwamba maji ya ziwa hili huenda yanakwenda kaskazini mpaka Nile. Sasa aliona kwamba hayatoki kwa njia ya Rusizi. Baada ya hapo wakashuka kwa pwani ya magharibi, wakafika Uvira yenyewe, wakarudi Ujiji mwezi wa Desemba.

Stanley alimsihi arudi naye Ulaya, apumzike. Livingstone hakukubali. Waliagana karibu na Tabora mwezi wa Machi 1872.

8. Kubebwa si aibu

Mwaka wa 1873 Livingstone alikuwa katika mabwawa ya Ziwa Bangweulu, katika nchi ya Zambia ya leo. Mvua ilinyesha siku nyingi. Alikuwa akipoteza damu nyingi kwa ugonjwa wa tumbo. Mwezi wa Aprili alijaribu kupanda punda, lakini alianguka, hakuweza tena.

Ndipo watu wake wakakata miti, wakatengeneza machela, wakatandika majani na blanketi juu yake. Wakambeba mabegani kwa zamu, polepole, maana kila mtikisiko ulimuumiza. Walipofika kwenye mto mmoja, mitumbwi ilikuwa myembamba, na machela haikuweza kuingia. Ilibidi mgonjwa anyanyuliwe. Livingstone akamwita Chuma, akamwambia ainame sana, ili yeye amshike shingoni kwa mikono yote miwili. Akamwonyesha mahali pa kumshika na mahali pasipofaa kuguswa. Hivyo wakamvusha.

Hapo kuna fundisho kwa pande zote mbili. Anayesaidiwa asione haya kueleza jinsi anavyotaka kusaidiwa, kwa maana yeye ndiye ajuaye mahali panapouma. Naye anayesaidia asishike tu kwa nguvu zake. Aulize kwanza, akasikilize.

Walifika katika kijiji cha Chitambo. Mwanzoni mwa mwezi wa Mei, kabla ya kupambazuka, watu wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake, kama mtu anayesali. Alikuwa amekwisha kufa. Umri wake ulikuwa miaka sitini.

9. Mkono ulioshuhudia

Susi, Chuma na wenzao wangeweza kumzika pale na kwenda zao. Hakuna mtu aliyewalazimisha. Lakini walishauriana, wakakata shauri la kuupeleka mwili kwa ndugu zake. Wakauzika moyo wake chini ya mti. Wakaukausha mwili juani siku kumi na nne, wakaufunga kwa nguo na magome ya mti. Kisha wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500. Wengine wao walikufa njiani kwa ugonjwa.

Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo, kwenye pwani ya bahari. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu waliupokea mwili ule katika misioni yao. Livingstone hakuwa Mkatoliki, lakini walimheshimu kama ndugu. Toka hapo mwili ulipelekwa Unguja, ukasafirishwa kwa meli mpaka Uingereza.

Huko baadhi ya watu walikuwa na mashaka. Walisema: nani ajuaye kama huyu ndiye? Uso ulikuwa umekauka, hautambulikani. Basi mwezi wa Aprili 1874, huko London, daktari mkuu William Fergusson aliufungua mwili mbele ya mashahidi. Hakuutazama sana uso. Alishika mkono wa kushoto, akautafuta mfupa ulio kati ya bega na kiwiko. Akaukuta umevunjika, haukuungana, kama kiwiko cha pili. Ulikuwa ule mfupa wa Mabotsa. Mashaka yote yakaisha. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone akazikwa katika kanisa kubwa la Westminster, pamoja na watu wakuu wa nchi yake.

Mkono ule ulimtaabisha miaka ishirini na tisa. Haukupona hata siku moja. Lakini siku ya mwisho mkono ule ndio uliomtambulisha, kuliko uso wake, kuliko nguo zake.

Maandiko yake juu ya Nyangwe yalisomwa Uingereza, yakawachoma watu mioyo. Mwezi wa Juni 1873, kiasi cha mwezi mmoja baada ya kifo chake, Sultani wa Unguja alikubali kufunga soko la watumwa. Livingstone hakupata kuisikia habari hiyo. Baada yake walikuja Wazungu wengi. Wengine walileta mema, na wengine walitawala kwa nguvu na kuwaonea watu. Hayo mtayasoma katika masomo mengine.

Basi, ee mtoto usomaye, kama mguu wako au mkono wako haukutii, usijidharau. Jiwe likikuangusha leo, pumzika, kisha utafute njia nyingine ya kuijenga nyumba. Na wewe mwenye viungo vizima, ukimwona mwenzako ufukoni anahangaika na kikapu chake, usicheke, wala usimnyang'anye. Mkaribie, umwulize akusaidieje kumsaidia. Bila Mebalwe, Susi, Chuma na Halima, Livingstone asingalifika mbali, na sisi leo tusingalikuwa na habari ya kusoma.

Maswali

1. Livingstone alifanya kazi gani alipokuwa na miaka kumi? Alipata wapi nafasi ya kusoma?
2. Mebalwe alifanya nini siku ya simba? Naye alipatwa na nini?
3. Kwa sababu gani Livingstone alijifunza kupiga bunduki kwa bega la kushoto?
4. Taja mambo matatu aliyoyafanya wakati wa ugonjwa wake huko Maniema.
5. Watu wa Uvira waliwaambia nini Burton na Speke juu ya mto Rusizi?
6. Daktari wa London alimtambuaje Livingstone?
7. Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi ya kumsaidia mtu mwenye kilema bila kumwaibisha.